Upepo wa matairi makubwa: maswali tunayoulizwa kila wiki Dodoma

Mtu akishafunga matairi ya kashata, yale makubwa yenye meno ya njia mbaya, wiki ya kwanza hupiga picha na wiki ya pili hurudi na maswali. Gari linaruka kama mbuzi, au usukani umekuwa mzito, au mafuta yanakwenda. Mara nyingi tairi halina kosa lolote. Kosa ni upepo uliojazwa kwa kukisia.

Namba zote humu ni psi, kipimo cha upepo wa tairi, maana ndizo mafundi wetu wanazozisema hata wasipozitaja. Ukiambiwa "nimekuwekea thelathini na tano", ni psi hizo. Geji yako ikisoma kwa bar, bar 1 ni psi 14.5. Ikisoma kPa, 100 ni sawa na bar 1.

Nimetoa matairi ya ukubwa wa 265/65R17 nikafunga 285/70R17. Nijaze ngapi?

Anza na namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kama tairi jipya ni la aina ya LT, yaani la pikapu na malori madogo (herufi hizo huandikwa ubavuni kabla ya ukubwa), ongeza 4. Kibandiko kikisema 30, anza na 34 gari likiwa tupu na matairi yakiwa ya baridi. Hapo ni pa kuanzia tu. Namba yako halisi utaipata kwa mizani, chaki na geji, na tutaeleza moja moja.

Kwani namba ya mlangoni bado ina kazi? Tairi lile si nilishalitoa?

Ina nusu ya kazi. Waliotengeneza gari waliiandika kwa kuangalia mambo mawili: uzito wa gari na tairi lililokuja nalo. Tairi limebadilika, uzito umebaki pale pale, au umeongezeka kama umefunga bampa la chuma, winchi na kichanja cha juu. Kinachobeba gari ni upepo uliofungiwa ndani ya tairi. Mpira na nyuzi kazi yao ni kuuzuia usitoke. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: kila gurudumu linabeba kilo ngapi?

Ubavuni imeandikwa 80 psi. Si ndiyo ya kujaza?

Hapana, na hili ndilo kosa tunaloliona kuliko yote. Soma mstari mzima. Kwenye LT285/70R17 ya daraja E, ile ambayo madukani huitwa plai 10, utakuta uzito wa mwisho kilo 1450 kwa psi 80. Maana yake ni kwamba tairi hilo, likijazwa 80, linaweza kubeba kilo 1450. Gurudumu moja la Hilux tupu halifikishi hata nusu ya huo.

Kuna bwana mmoja aliletewa gari lake limejazwa 65 "kwa sababu tairi ni la plai 10, bosi". Alikwenda Kondoa na kurudi, akatuambia shokomzoba zimekufa. Tukapunguza hadi 34 akazunguka nalo mtaa mzima, aliporudi hakuzitaja tena.

Tairi kubwa linataka upepo mwingi au kidogo?

Kwa uzito ule ule, tairi lenye nafasi kubwa ya upepo ndani linaweza kubeba mzigo kwa upepo mdogo kidogo kuliko tairi dogo. Hiyo ni kama yote mawili ni ya aina moja. Ugumu unakuja kwa sababu watu hutoka tairi la kawaida la gari dogo wakaenda LT, na LT imesukwa nene. Kwa uzito ule ule inataka upepo zaidi ya tairi laini. Ukubwa unavuta namba chini, unene unaivuta juu, na mara nyingi zinakutana karibu na pale pale ulipokuwa. Ndiyo maana tunasema kibandiko, ongeza 4, kisha upime.

Nitajuaje kila gurudumu linabeba kilo ngapi?

Mizani. Mizani za barabarani kama ile ya Nala ni za magari makubwa, usiende kuwasumbua kwa Hilux yako. Tafuta mizani ya malori ya mazao au ya kiwanda, wengi watakupimia kwa pesa kidogo kama hakuna foleni. Panda na magurudumu ya mbele tu, andika. Panda gari zima, andika. Tofauti ni ya nyuma. Gawa kila ekseli kwa mbili.

Kisha hesabu ya kijiweni: uzito wa gurudumu, zidisha kwa upepo wa mwisho ulioandikwa ubavuni, gawa kwa uzito wa mwisho ulioandikwa ubavuni. Tuseme gurudumu la mbele linabeba kilo 600. 600 mara 80 gawa kwa 1450 ni 33. Nyuma ukipakia mzigo, tuseme kilo 850 kila gurudumu: inakuja 47. Hesabu hii inaegemea upande wa usalama kidogo, maana jedwali za watengenezaji wa matairi kwa mzigo wa kawaida hutoa namba ndogo zaidi ya hizo. Ukiweza kupata jedwali la tairi lako, fuata jedwali.

Nyuma kukiwa tupu, hesabu itakupa namba ndogo ya kuchekesha, 25 au hata chini. Usiifuate barabarani. Usishuke chini ya kibandiko ukiwa kwenye lami.

Basi mbele na nyuma visilingane?

Gari tupu, zinaweza kulingana. Ukipakia magunia ya mahindi Kibaigwa, nyuma ongeza kabla ya kuondoka, siyo baada ya kuona gari limekaa kama kuku anayeatamia. Ukishusha mzigo, punguza. Wengi wanaongeza na hawapunguzi, ndiyo maana matairi ya nyuma ya pikapu nyingi mjini yamekula katikati.

Hilo jaribio la chaki linafanywaje?

Nunua chaki za shule. Tafuta sehemu iliyonyooka, ya lami au sakafu ya saruji, isiyo na vumbi. Hapa Dodoma kuanzia Juni hiyo si kazi ndogo, upepo wa kiangazi hukuletea vumbi hata ulipofagia. Asubuhi mapema ni bora.

Jaza upepo wako wa kuanzia. Chora mstari mnene wa chaki kukatisha uso wa tairi, kutoka bega hadi bega, juu ya kashata zenyewe siyo kwenye mifereji. Fanya hivyo matairi yote manne. Endesha taratibu mita 50 hivi bila kukata usukani hata kidogo, ukikata umeharibu. Shuka uangalie.

Chaki ikifutika katikati na kubaki mabegani, upepo umezidi, tairi limevimba na linagusa kwa tumbo. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, upepo ni mdogo. Ikififia sawasawa upana wote, hapo umekaribia. Badilisha psi 2 kwa mara moja, chora upya, rudia. Mara ya tatu au ya nne huwa umefika.

Kuna mtego. Tairi pana likifungwa kwenye rimu nyembamba hujikunja likawa na mgongo wa mviringo, na chaki itakuambia punguza, punguza, mpaka ufike 22. Chaki inaonyesha tairi linavyogusa chini, haijui gari lako lina uzito gani. Ikipishana na mizani, sikiliza mizani. Na mwulize aliyekuuzia kama rimu yako ina upana unaokubalika kwa tairi hilo. Swali hilo watu hawaliulizi kwa sababu tairi limeshaingia na limekaa.

Nimesikia kuna kupima tairi likiwa la moto. Si walisema lipimwe la baridi?

Yote mawili, kwa kazi tofauti. Namba ya kujaza ni ya baridi: gari limelala usiku kucha, au limesimama kivulini kwa muda wa saa tatu. Namba ya moto ni ya kukagua kama ya baridi ilikuwa sahihi.

Pima asubuhi, tuseme 34. Endesha lami kwa mwendo wa safari, toka mjini hadi Bahi panatosha. Simama, pima hapo hapo kabla hujaagiza chai. Ikipanda kwa 4 hivi, umepata. Kwa LT nene hata 6 inavumilika. Ikipanda 8 au 9, ulianza na upepo mdogo: ubavu ulikuwa unajikunja sana kila mzunguko, na kujikunja ndiko kunakoleta joto. Ikipanda 1 tu, ulijaza mno, tairi halifanyi kazi.

Tairi likiwa la moto usitoe upepo ili "lirudi" 34. Kesho asubuhi litakuwa na 29 na hutajua kwa nini. Pia kumbuka upande uliopigwa na jua utasoma juu kidogo kuliko wa kivulini, hiyo haina shida.

Mbona Julai asubuhi geji inasoma chini na sijatoboka?

Ni baridi. Kila nyuzijoto 5 au 6 zikishuka, psi 1 hivi inapotea. Mtu aliyejaza mchana wa Novemba akipima alfajiri ya Julai, kukosekana psi 3 ni jambo la kawaida. Ongeza, endelea na safari.

Nilijaza 34 Dar, nimefika Dodoma nimelala, asubuhi inasoma karibu 36. Nani kaongeza?

Mlima. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ya nje ni nyepesi. Geji inalinganisha upepo wa ndani na hewa ya nje. Ya nje ikipungua, ya ndani inaonekana imeongezeka ingawa hakuna aliyegusa valvu. Tofauti ni kama psi 2, na mara nyingi baridi ya asubuhi huimeza. Ukirudi Pwani ndiyo uangalie, itakuwa imeshuka.

Geji ya fundi wa barabarani niiamini?

Umwamini fundi, geji yake uipime. Kipimo kilichofungwa kwenye mpira wa kompresa kinaanguka chini mara ishirini kwa siku. Nimewahi kujaziwa "35" nikapima kwa geji yangu nikakuta 43. Fundi hakunidanganya, aliniambia alichokiona. Nunua geji yako moja, iweke kwenye soksi ndani ya dashibodi, uitumie hiyo hiyo kila siku. Hata ikiwa imekosea kwa psi 1, itakosea vile vile kila mara, na unachotaka wewe ni kuona mabadiliko.

Rafurodi, mchanga, matope: nipunguze kiasi gani?

Hapa ndipo matairi makubwa yanapolipa gharama yake, na ndipo watu wanapoharibu. Tuchukue gari lenye 34 barabarani, halina mzigo mkubwa.

Rafurodi ya kokoto na mawimbi, kama njia nyingi za Mpwapwa vijijini au za Chemba ukishaacha lami: shusha hadi 26 au 28. Utahisi tofauti kwenye meno yako. Tairi linameza jiwe badala ya kulipiga, na gari linashika kona ambazo lilikuwa linateleza kama limekanyaga mtama. Mwendo usizidi 60 au 70.

Korongo la mchanga: 18. Watu hudhani tairi linapanuka. Linapanuka kidogo, lakini hasa linarefuka, alama yake chini inakuwa ndefu kama ya nyayo badala ya kisigino, na gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Punguza kabla ya kuingia. Ukishazama, ukapunguza ukiwa umezama, umejiongezea kazi ya koleo. Kwa 18 mwendo ni 30, usizidi 40, na usikate kona kwa ghafla, maana mdomo wa tairi unaweza kuachia rimu. Chini ya 15 usiende isipokuwa kujinasua tu, halafu jaza.

Mbuga, ule udongo mweusi wa Bahi wakati wa masika: 20 hivi itakusaidia kidogo. Matope yale hujaza kashata mpaka tairi linakuwa laini kama andazi, na hapo hakuna upepo utakaokuokoa. Mara nyingi dawa yake ni kusubiri jua, au kuuliza wenyeji wanapopitia wao.

Mawe makali: 24 hadi 26, polepole sana. Tairi laini hukumbatia jiwe, ila ubavu unatoka nje na ndio ulio mwembamba. Chagua unapokanyaga.

Na nikirudi kwenye lami?

Jaza pale pale lami inapoanzia. Siyo mjini.

Hili nimelilipia. Nilikuwa narudi toka upande wa Mtera, nimevuka makorongo mawili kwa 18. Pampu nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la kiberiti, ikala fyuzi. Nikajiambia nitajaza Dodoma, barabara ni nzuri, nitakwenda taratibu. Taratibu ikawa 80, kisha 90. Niliposimama harufu ya mpira ilinipokea kabla sijafungua mlango, na ubavu wa kushoto nyuma sikuweza kuuwekea kiganja. Nikajaza, tairi likasimama vizuri, nikasahau. Wiki mbili baadaye likatoa nundu ubavuni. Tulipolivua rimu, ndani kulikuwa na unga mweusi kama masizi ya sufuria: mpira wa ndani ulikuwa umejisaga wenyewe safari nzima. Tairi lilikuwa na kashata za mwaka mzima bado.

Kwa hiyo pampu ya matairi makubwa ifungwe moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inawaka. Na uvumilivu uwe nao, maana kupandisha kutoka 18 hadi 34 kwa matairi manne ya ukubwa huu kwa pampu ndogo ni muda wa kumaliza birika la chai.

Miiba ya migunga: upepo mwingi au mdogo unasaidia?

Hakuna namba inayozuia mwiba mkavu wa mgunga. Kitu kimoja: ukiuona mwiba kwenye tairi na halivuji, usiung'oe porini. Fika penye fundi na beseni la maji kwanza.

Spidi mita inanidanganya?

Ndiyo, na ni kwa hasara yako. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi, 285/70R17 ina 831. Hiyo ni asilimia 7 zaidi. Dashibodi ikisema 50 kwenye kibao cha kijijini, wewe uko karibu 53 au 54, kutegemea spidi mita ilikuwa inazidisha kiasi gani tangu mwanzo. Linganisha na simu yenye ramani. Kilomita za kubadilishia oili nazo zinahesabiwa pungufu: dashibodi ikisema 5,000 umekwenda karibu 5,350.

Naitrojeni je?

Hewa unayojaziwa bure ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Ukipewa kama zawadi, pokea. Ukiombwa pesa, nunua geji.

Usukani unavuta upande mmoja tangu nifunge. Ni upepo?

Pima kwanza, tofauti ya psi 4 kati ya kushoto na kulia mbele inatosha kuvuta gari. Ukisawazisha na bado linavuta, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia, kama kashata zake hazina mwelekeo maalumu. Likivuta upande wa pili, ni tairi. Likiendelea upande ule ule, nenda kafanye alaimenti. Kama ni mtikisiko kuanzia 80 na kuendelea, hiyo ni balansi. Kabla ya kulipa angalia kama kuna tope lililokauka ndani ya rimu, bonge moja la tope la mbuga linatosha kutikisa gari zima.

Spea nayo niipime?

Ipime, na ijaze zaidi ya zile nne, kama 40. Kupunguza porini ni kubonyeza valvu, kuongeza ni kutafuta pampu. Hakikisha pia ni ya ukubwa ule ule. Wengi hununua matairi manne na kuacha spea ya zamani chini ya gari, kwa sababu kubwa haiingii pale. Ukifunga tairi dogo nyuma upande mmoja, difu, zile gia za katikati ya ekseli, itakuwa inasagika kila mzunguko, na ukiweka fowili kwenye lami ndiyo umeimaliza.

Nipime kila baada ya muda gani?

Wiki mbili, na kabla ya kila safari ndefu. Andika kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha plasta, ubandike chini ya kile kibandiko cha zamani: tupu 34, mzigo nyuma 47, rafurodi 27, mchanga 18. Ziwe za kwako ulizopima wewe, siyo hizi zetu.